Tablo ya Katuba: dola 45, wiki tano, na baba yangu na baiskeli yake

Kazi yangu ni video za harusi. Nina kamera mbili, kompyuta ya kuhariria, na kijana anayerusha droni siku ambayo familia imelipia droni. Kwa miaka tisa nimewapiga picha maharusi wa Lubumbashi, Kongo, wakitoka katika kanisa kuu la Watakatifu Petro na Paulo, wakitembea katika bustani ya wanyama, wakisimama uwanja wa Posta chini ya sanamu ya Tshombe. Nalisema hili mwanzoni ili anayesoma ajue kwamba mimi ninayemsifia fundi wa brashi hapa chini ninakula kwa kamera, na kamera naipenda.

Lakini najua pia mwisho wa kazi yangu. Namkabidhi bwana harusi flashi, wanaitazama mara moja pamoja na wakwe, halafu inaingia kabatini. Mwaka unaofuata mtoto wa shemeji anaifuta apate nafasi ya filamu. Mara tatu nimepigiwa simu na mtu anayelia: flashi haifunguki, mama yake amefariki, na mara ya mwisho alipocheza akiwa na afya iko humo. Mara mbili nilikuwa bado na nakala. Mara ya tatu sikuwa nayo.

Basi baba alipokaribia kutimiza miaka 70, nikataka kumpa kitu cha kutundika salo, yaani sebuleni, sikushika kamera. Nilikwenda Katuba, mtaa wa hapa hapa Lubumbashi.

Karakana yenyewe haina jina. Ni chumba kimoja cha matofali kinachotazama barabara ya udongo, na mbele yake banda la mabati. Juu ya mlango kuna ubao wa bluu wenye herufi nyeupe za Kifaransa unaosema kwamba hapa kuna mchoraji: sura za watu, vibao vya maduka, mabango, namba za magari. Vumbi letu jekundu limeula ubao mpaka nusu. Ukifika soko la Katuba uliza "kwa mzee wa mapicha". Nilimwuliza mama muuza makaa, akanielekeza bila kuinua kichwa.

Ndani panatoka harufu kali ya rangi ya mafuta. Ukutani zimepangwa tablo, yaani picha za kuchorwa, zilizokwisha kukauka, zikingoja mnunuzi asiye na oda: Mamba Muntu, yule mwanamke wa majini, wanne wanaofanana kama mapacha; ile tablo tunayoiita Colonie belge, askari akimchapa mfungwa kiboko huku Mbelgiji akitazama na kiko mdomoni; Lumumba akishushwa kwenye ndege pale Luano, uwanja wetu wa ndege, mikono imefungwa; kijiji chenye mto na mitumbwi. Na Kidiaba.

Kuhusu Kidiaba lazima niseme zaidi. Desemba 2010 TP Mazembe iliifunga Internacional ya Brazil 2-0 kule Abu Dhabi, ikawa timu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya Kombe la Dunia la vilabu. Fainali tulifungwa 3-0 na Inter ya Milano, lakini sijakutana na mtu wa Lubumbashi anayesimulia fainali. Tunachosimulia ni Robert Kidiaba, kipa wetu, alivyokaa chini na kuruka-ruka kwa makalio juu ya nyasi. Watoto wa Kenya na Kamalondo, mitaa ya mji wetu, walimwiga barabarani mpaka kaptura zikatoboka, na mama zao wakalalamika kwa fahari. Televisheni za dunia zilimwonyesha kwa sekunde chache. Mzee wa Katuba amemchora yuko hewani kabisa, makalio hayagusi chini, na mahali pa nyasi za Abu Dhabi amechora kilima cheusi cha takataka za kiwanda cha Gécamines, kampuni yetu ya shaba, na bomba lake refu la moshi. Nilisimama mbele ya tablo ile mpaka kijana anayejifunza kazi pale akaniletea kiti. Mimi na droni yangu nisingeipata picha ile hata siku moja. Haikutokea mbele ya kamera yoyote, na kila mtu aliyekuwa mjini usiku ule atakwambia ndivyo ilivyokuwa.

Sasa huduma. Nilikwenda nimejiandaa kujibu maswali ya kawaida, yale ninayowauliza wateja wangu: ukubwa gani, lini, bajeti kiasi gani. Nilitoa simu nikamwonyesha picha ya baba. Mzee aliitazama kidogo, akanirudishia simu, akafuta mikono.

"Baba yako alikuwaka anaingia ku kazi saa ngapi?"

Sikujua la kujibu. Nikasema ilitegemea, kuna wiki za mchana na wiki za usiku.

"Mu wiki ya usiku, nani alikuwaka anamufungulia mulango?"

Tulikaa hivyo zaidi ya saa moja. Baiskeli ilikuwa ya rangi gani. Chakula alibeba ndani ya nini. King'ora cha kiwandani kilipolia, sisi watoto tulifanya nini. Siku ya posho nani alikwenda kupanga foleni, na unga ulirudi nyumbani kichwani au kwenye baiskeli. Mengine nilimpigia mama palepale kumwuliza, na mama, ambaye kwa kawaida hukata simu haraka ili asimalize salio langu, alizungumza na yule mzee dakika ishirini. Mzee hakuandika kitu. Alikuwa anatikisa kichwa tu, na mara moja alicheka. Ningelipia saa ile peke yake. Katika miaka yangu yote ya kupiga harusi sijawahi kumwuliza mteja swali la namna ile, na tangu siku hiyo nimeanza.

Wasomaji wa mbali huenda wakajiuliza kwa nini mtu wa karne hii atundike picha ya kuchorwa ukutani. Nianze na bibi yangu.

Bibi aliishi Kamalondo, na salo yake ilikuwa na Mamba Muntu. Mwanamke juu, samaki chini, nywele ndefu, saa mkononi, nyoka begani. Kila mgeni aliyeketi alikuwa anaitazama, na kila aliyeitazama alisema neno. Huyu anasema mjomba wake aliokota kitana chake kando ya mto, usiku akamjia katika ndoto kukidai. Yule anasema tajiri fulani wa mjini hana watoto kwa sababu hiyo hiyo, amepewa fedha kwa sharti la kunyamaza. Bibi anasikiliza, anamimina chai, mwisho anatoa yake. Hadithi zote nilizozijua kabla ya kusoma nilizipata chini ya tablo ile. Baadaye shangazi aliokoka, mchungaji akamwambia picha ile inaita pepo, akaitoa ukutani nikiwa shuleni. Niliporudi palikuwa na alama ya mraba mweupe, na wiki chache baadaye kalenda. Wengi wa rika langu wana kisa kama hiki. Ndani ya miaka michache ukuta wa salo katika mji huu ulibadilika, na televisheni ikahamia mahali ambapo watu walikuwa wanaelekeza macho.

Kabla ya hapo tablo zilikuwa kwetu kama gazeti. Miaka ya 1970 mfanyakazi wa kawaida aliweza kununua, maana zilichorwa juu ya kitambaa cha mifuko ya unga na ziliuzwa kwa bei ya mitaa ya kazi. Mkubwa wa wachoraji hao kwa macho yangu ni Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa hapa mwaka 1947, mji ukiitwa bado Élisabethville. Alijiita mwanahistoria, na alikuwa na haki. Kati ya mwaka 1973 na 1974 alimchorea Johannes Fabian, mwanaanthropolojia aliyekuwa akifundisha katika chuo kikuu chetu, historia yote ya nchi katika tablo zaidi ya 100, akimweleza kila moja kwa Kiswahili hiki hiki tunachozungumza sokoni. Alichora kuja kwa Wazungu, uhuru, Lumumba, Katanga kujitenga. Alichora hata Desemba 1941, wafanyakazi wa Union Minière, kampuni ya shaba ya Wabelgiji, waliogoma walipopigwa risasi na askari, jambo ambalo sisi hatukulisoma darasani. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 habari zake zikakatika, na hajulikani alikoishia. Tablo zile ziko Amsterdam, katika jumba la makumbusho. Nafurahi kwamba zimetunzwa. Inaniuma kwamba mtoto wa Katuba akitaka kuona historia ya mji wake ilivyochorwa na mtu wa mji wake, anahitaji pasipoti na viza.

Mzee wa mapicha anamfahamu Tshibumba kwa kazi zake. Alipokuwa kijana aliziona zikibebwa mitaani, mbili tatu chini ya kwapa, mlango kwa mlango. Yeye mwenyewe alijifunza kwa kunakili. Ndiyo maana Mamba Muntu wake wanafanana, na hilo halimsumbui: hao ni wa kuuza haraka, siku mkate umekosekana. Tablo za oda ni jambo jingine, na ndizo ninazozipimia hapa.

Turudi kwa baba. Alikuwa mtu wa kiwanda, pale pale chini ya bomba, mahali palipoanza kuyeyusha shaba mwaka 1911, mwaka mmoja tu baada ya mji kuzaliwa na reli kufika. Babu alikuwa hapo zamani za Union Minière, baba akamfuata ikiwa Gécamines. Nyumbani tulisikia sentensi moja tangu tukiwa wadogo: kazi njo baba, kazi njo mama, yaani kazi ndiyo baba, kazi ndiyo mama. Kampuni ilitoa nyumba, shule, hospitali, posho. Kisha miezi ikaanza kupita bila mshahara, ikawa miaka, na mwaka 2003 zaidi ya wafanyakazi 10,000 walipewa kiasi fulani cha fedha wakaambiwa waondoke kwa hiari. Baba aliondoka kwa hiari hiyo. Alinunua friza ili mama auze maji baridi, na televisheni. Televisheni ndiyo iliyodumu.

Nilimweleza mzee kwamba nataka bomba la moshi nyuma ya baba, kama linavyoonekana leo. Leo halitoi moshi mnene wa zamani, na kilima cheusi kimemegwa ubavuni kwa miaka mingi, watu wakirudia kuchukua kobalti iliyobaki ndani ya takataka zile. Nilitaka ukweli. Ndilo jambo ninalolijua: unaelekeza lenzi, unachukua kilichopo.

Mzee akakataa. Alisema tablo bila moshi ataichora nikilazimisha, lakini haitakuwa ya baba yangu.

"Kama moshi inatoka, batu banakula," alisema. "Baba yako alitoka ku kazi, moshi ilikuwa. Unataka nimuchore anatoka ku kazi gani sasa?"

Nilikwenda nyumbani nikalifikiria usiku mzima, na asubuhi nikamtumia ujumbe: weka moshi. Ninayo picha ya droni ya kilima kile, safi, ya jua la saa kumi na moja, nimeitumia katika harusi nyingi kwa sababu maharusi wanaipenda. Katika picha ile kilima ni kizuri na kimekufa. Yule anayetazama hajui kwamba moshi ulipotoka kwenda upande wa nyumba zetu tulikohoa, wala kwamba siku ulipokosekana wazazi walikaa nje wakitazama juu bila kusema. Mpiga picha wetu Sammy Baloji alilikuta tatizo hili hili na akalitatua kwa namna yake mwaka 2006: aliwatoa wafanyakazi katika picha za zamani za rangi nyeusi na nyeupe akawasimamisha juu ya magofu ya leo. Yeye na Patrick Mudekereza ni miongoni mwa walioanzisha Picha, kituo ambacho tangu mwaka 2008 kinaleta wasanii na wageni hapa kila baada ya muda kwa ajili ya maonyesho. Nimekwenda mara mbili, na nimeona kazi ambazo sijazisahau. Lakini baba yangu hajawahi kuingia ukumbi wa maonyesho. Tablo ya Katuba inamfuata alipo, mbele ya kiti chake.

Bei ilikuwa dola 45 kwa tablo ya sentimita 80 kwa 60, pamoja na fremu. Nililipa avansi ya 20. Ndogo zisizo za oda zinaanzia dola 10, na unaweza kupatana. Anakubali franka. Malipo ya simu pia anapokea, kupitia kwa yule kijana.

Muda ndio udhaifu mkubwa. Aliniahidi wiki mbili, zikawa tano. Nilikuwa nimeagiza Februari, mvua zikiwa katikati, na rangi ya mafuta haikauki banda likivuja. Ukitaka tablo kwa tarehe maalumu, agiza kiangazi, kuanzia Mei, upepo mkavu ukishaanza. Jambo la pili lililonichelewesha ni vibao. Mtu akija na kibao cha saluni au cha duka la dawa na fedha mkononi, tablo yako inageuzwa uso ukutani. Nilifika mara mbili nikaikuta imegeuzwa. Mara ya pili nilikasirika na nikasema. Mzee hakubishana. Alinionyesha kibao alichokuwa anakimalizia, vichwa sita vya mitindo ya nywele, kila kimoja na shingo yake na hereni zake, kazi nzuri sana, akasema: "Mama, kazi ya mikono inaombaka muda." Nilikubali sababu ya mvua. Ile ya pili bado naona angeniambia mapema.

Nimewahi kwenda pia kwa wale wa mjini wanaochapa picha juu ya kitambaa kwa mashine. Ni haraka: unapeleka faili asubuhi, jioni unachukua, na bei ni nusu ya hii. Nilimfanyia dada yangu moja ya harusi yake, katika duka ambalo sitalitaja. Ilitundikwa salo mahali jua la asubuhi linapoingia. Kabla ya mwaka kwisha, uso wa shemeji ulikuwa wa kijani na gauni la dada limekuwa moja na ukuta wa nyuma. Kosa linaweza kuwa la wino, au la jua, au langu niliyechagua mahali. Ila tablo ya Colonie belge iliyo kwa jirani yetu, ambayo nimeijua tangu utoto, imepasuka hapa na pale kama udongo mkavu, na wekundu wa damu mgongoni mwa yule mfungwa bado ni mwekundu.

Mabango hayo ya mashine ndiyo yanayoufuta mkono wa watu kama mzee huyu. Piteni barabara ya kwenda Kenya mtazame juu. Zamani kila saluni, kila bucha, kila fundi wa redio alikuwa na kibao chake, na ungeweza kumtambua mchoraji kwa namna anavyochora masikio. Sasa ni plastiki moja, na mwanamke mmoja, yule yule, aliyetolewa kwenye intaneti, anatabasamu juu ya saluni ishirini. Si mtu wa hapa. Nywele zile hakuna anayezisuka hapa. Nasikia jambo hilo hilo masikioni. Mji huu na majirani zake wa shaba ndio uliompa Mwenda Jean Bosco gita, huyu ambaye Hugh Tracey alimrekodi Likasi mwaka 1952, wakati ikiitwa Jadotville, akiimba kwa Kiswahili. Ni mji wa karindula, ile banjo kubwa ya pipa la mafuta na ngozi ya mbuzi. Ni mji wa kundi la Mufwankolo, lililochekesha na kufundisha kwa Kiswahili chetu redioni na kwenye televisheni mpaka watu wakawasha jenereta kwa ajili yake. Maharusi wangu wote, takriban bila kubagua, wananiomba niweke nyimbo za Kinshasa au za Dar es Salaam juu ya video zao. Ninaziweka, ni nzuri, wanacheza. Natamani tu siku moja mmoja aniombe karindula.

Kazi yenyewe ilivyotoka sasa.

Baba yuko katikati, akisukuma baiskeli nyeusi ya taa mbele. Kwenye kiti cha nyuma kumefungwa mfuko wa unga wa posho, na mzee amechora kamba mpaka mafundo yake. Upande wa kushoto mlango wa nyumba umefunguliwa nusu, taa ya njano inatoka, na mkono wa mwanamke umeshika mlango. Mama haonekani, ni mkono tu, una bangili moja. Hilo silo nililoliomba. Limetoka katika zile dakika ishirini za simu, na mama alipoliona aliushika mkono wake mwenyewe. Nyuma kuna kilima, kizima, kabla hakijamegwa, na bomba, na moshi unaopinda kuelekea kulia mpaka nje ya tablo. Mbingu ina rangi mbili, zambarau na chungwa, kali mno kwa jicho langu la kamera. Ukiitazama kwa mbali, kutoka kiti cha pembeni cha salo, ukali ule unatulia, nikaelewa kwamba amepima umbali wa chumba.

Kasoro zipo. Uso wa baba umefanana nusu: macho ni yake, kidevu ni cha mtu mwingine, na amepunguziwa miaka. Fremu ni ya mbao nyepesi, kona moja haijakutana vizuri, nimeipeleka kwa seremala kwa franka chache. Chini aliandika jina la mji kwa herufi kubwa na akasahau herufi moja. Nilimwonyesha, akairekebisha mbele yangu kwa dakika mbili, lakini ukikaribia unaona mahali palipofutwa. Wanaonunua kwake wasome maandishi kabla ya kulipa salio. Na mlete gazeti au shuka lenu la kufungia. Hana.

Mimi sikuwa nalo, basi nilipanda taksi-bisi na tablo wazi, nimeisimamisha juu ya magoti, uso wake kwa abiria. Mwanzoni watu walikuwa katika simu zao. Kisha mama mmoja aliyebeba beseni la mboga akauliza kama baba huyu alikuwa wa kiwanda au wa reli. Nikasema kiwanda. Mzee aliyekaa nyuma ya dereva akageuka akasema posho haikufungwa hivyo, ilifungwa kwa mpira wa tairi, kamba zilikuwa zinakatika. Mwingine akasema kwao ilikuwa kamba. Kijana wa sare ya shule akauliza posho ni nini. Watu wanne walimjibu kwa pamoja, na mpaka nashuka walikuwa bado hawajakubaliana kama samaki walitolewa kila wiki au mara mbili kwa mwezi.

Nampa mzee nyota nne kati ya tano. Ya tano ni zile wiki tatu.

Baba alikuwa ameketi tulipoitundika. Mahali ni pale pale juu ya televisheni, kwa sababu msumari ulikuwapo tayari. Hakusema asante mara moja. Aliinuka, akasogea, akavaa miwani, akaisoma kutoka kushoto kwenda kulia kama mtu anayesoma barua: mkono wa mama, baiskeli, unga, moshi. Alikaa kwenye moshi muda. Akaniambia upepo wa jioni ndivyo ulivyopeleka, kuelekea huko. Halafu akagusa kofia ya kazi juu ya kichwa chake kilichochorwa, kwa ncha ya kidole, akirudisha haraka kama rangi ingali mbichi.

"Hii kofia iko nyeupe," alisema. "Mi sikuvalaka nyeupe, mwanangu. Nyeupe njo ya bakubwa. Ya sisi ilikuwa ya njano."

Jumamosi nairudisha Katuba. Anataka kuja nami amwonyeshe mwenyewe njano ya namna gani.